Tovuti Si Mchongo, Ni Kazi

Kila boom likichelewa, neno moja huzunguka hosteli: "Jiajiri." Sisi walimu watarajiwa tunalisikia zaidi, maana kila mtu anajua wahitimu ni wengi kuliko nafasi za ajira. Siku hizi jibu la haraka ni kutengeneza tovuti. Una kompyuta, una bando, basi una biashara. Mimi nasema hapana, hapo una vifaa tu. Biashara inaanza unapoandika makubaliano, na hapo ndipo wengi wetu tunapofeli.

Kujifunza si kikwazo kikubwa. HTML, CSS na JavaScript zinafundishwa bure freeCodeCamp. WordPress, iliyotoka mwaka 2003, haiuzwi, na inakuwezesha kujenga tovuti bila kuandika msimbo mwingi. GitHub Pages itakuhifadhia kurasa zako za majaribio bila kulipa hata shilingi. Anayetaka kujua atajua.

Shida ni namna tunavyofanya kazi. Mwanachuo anapata mteja, tuseme mwenye nyumba ya wageni. Wanakubaliana kwa sauti za WhatsApp. Mteja anataka "tovuti nzuri". Nzuri ni ipi? Hakuna ajuaye. Zikija kurasa tano anataka nane; ikija bluu anataka kijani. UE zikianza, mwanachuo anazima simu. Mteja anabaki na nusu tovuti na hadithi ya kuwasimulia wenzake: wanafunzi ni matapeli. Wewe unayepita mtaa ule mwezi ujao, hata kiti hukaribishwi.

Wenzangu wa ualimu, sisi tuna mtaji ambao hatuutumii. TP haikuruhusu kuingia darasani bila andalio la somo: lengo, hatua, muda, tathmini. Kwa nini tuingie kwa mteja mikono mitupu? Andika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili anachokielewa. Kurasa ngapi? Nani analeta picha na maelezo? Marekebisho mara ngapi? Inakabidhiwa lini? Analipa kwa awamu zipi? Mimi husimamia nusu ya malipo kabla ya kuanza. Huo si ujeuri. Fundi seremala huchukua advansi ndipo anunue mbao, na hakuna anayemwita mkorofi.

Halafu bei. Tuseme umekubali 150,000. Saa 30 zimekwenda kujenga, saa 20 kurekebisha, kufuatilia picha na kudai chako. Hapo unalipwa 3,000 kwa saa, kabla hujatoa bando na nauli. Kama ulidhani ni saa 30 tu, ulihesabu 5,000. Anayetaja bei bila kuhesabu saa anajidanganya mwenyewe, na anawaharibia wenzake, maana mteja akishazoea bei ya chee, harudi juu.

Lipo jambo jingine ambalo wengine wataliita ukali. Jina la tovuti, liwe linaishia na .co.tz au vinginevyo, lisajiliwe kwa jina la mteja, na nywila zote akabidhiwe. Kuna washkaji husajili kwa majina yao ili mteja asiwakimbie. Huo ni utekaji. Mteja mzuri hubaki kwa sababu unampokelea simu tovuti ikizima.

Na tukienda kwenye shule, ambako wengi wetu tuna njia ya kuingilia, tuwe makini mara mbili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo na inatumika. Picha ya mtoto, jina lake na matokeo yake si mapambo ya ukurasa wa mbele. Mwalimu anapaswa kulijua hilo kabla ya mtu yeyote.

Najua jibu litakalokuja: "Ukileta masharti, wateja watakimbia." Ni kweli, baadhi watakimbia. Lakini anayekataa kuandika makubaliano leo ndiye atakayekataa kulipa kesho. Afadhali akimbie mapema, kabla hujakesha. Na wengine tuwaambie wenyewe kwamba hawahitaji tovuti. Mama lishe ambaye wateja wake wote wako hatua mia moja kutoka jikoni anahitaji namba ya simu iliyoandikwa vizuri ukutani. Ukimwambia ukweli huo, atakuletea mwanawe mwenye kampuni ya utalii.

Biashara hukua hivyo: mteja mmoja aliyeridhika, kisha ada ndogo ya kila mwezi ya kuitunza tovuti yake, kisha jirani yake. Ukifika wateja watatu wanaolipa bila kusukumwa, nenda BRELA kasajili jina la biashara na uchukue TIN ya TRA. Kuna wateja wanaotaka risiti, na hao hawafanyi kazi na mtu asiye na jina.

Serikali yetu ya wanafunzi nayo isiishie kutuletea wazungumzaji wa kututia moyo. Ituwekee mfano wa mkataba wa ukurasa mmoja, na wenzetu wa sheria waupitie, ili kila mwanachuo auchukue bure. Tuna kitivo kizima cha sheria hapa hapa. Hamasa tumeshashiba, tunachokosa ni karatasi ya kusaini.