Mama, Iachie Panya ya Kompyuta

Msimu wa maonyesho ya sayansi skulini ukifika, tunajuana. Mtoto analala saa mbili usiku, mama anakesha na gundi na manila. Sasa kwa vile watoto wanaleta miradi ya kompyuta, mambo yamezidi: kuna wanaomlipa kijana wa mtaani aandike programu nzima, mtoto anakwenda kuionyesha tu.

Sisi tunasema wazi kuwa huko ni kumfundisha mtoto udanganyifu, na anafundishwa na mamake. Na hatusemi kwa kuwasuta. Mwaka juzi tulifanya hivyo hivyo sisi wenyewe. Mwalimu aliyekuwa akikagua aliinama, akamuuliza binti yetu kwa upole, "Hii inafanyaje kazi?" Mtoto akageuka kututazama. Mpaka leo macho yale hatujayasahau.

Safari iliyofuata, akiwa na miaka 8, tuliapa kutoshika kitu. Tulitumia Scratch, programu ya bure iliyotoka katika chuo cha MIT kule Marekani mwaka 2007. Mtoto haandiki maneno magumu. Anaunganisha vipande vya amri kama fumbo la picha, na paka wa kwenye skrini anatii. Aliye mdogo zaidi, wa miaka 5 mpaka 7, ana ScratchJr ya kwenye kishikwambi. Scratch unaipakua mara moja tu, basi haili bando.

Tahadhari moja, shoga: mchezo wa paka anayeruka haujawa mradi wa sayansi. Sayansi inataka swali. La kwetu lilitoka kwa mtoto mwenyewe, siku alipotuona tunakuna nazi: kwa nini hamtumii mkono wa kushoto? Akatengeneza kipimo: paka akibadilika rangi, bonyeza, kompyuta ihesabu umechukua muda gani. Kila mtu nyumbani mara 5 kwa mkono wa kulia, mara 5 kwa wa kushoto, kisha atafute wastani.

Wa kwanza kupimwa alikuwa bibi yake. Kompyuta ikasema sekunde 41! Bibi akakasirika, "Mimi mzee, lakini si hivyo." Alhamdulillahi, hapo ndipo mradi ulipoanza. Mikono ilituwasha kuichukua ile panya, maana kosa tulikwisha kuliona. Tukajizuia, tukamwambia tu, "Hebu tusomee amri zako moja moja, kwa sauti." Alipofika katikati akanyamaza. Saa ilikuwa inaanza kuhesabu tangu programu inapofunguliwa, si tangu paka anapobadilika rangi! Kuligundua kulimchukua siku mbili, na machozi kidogo. Halafu babake naye akaizoea, akawa anabonyeza kabla ya rangi kugeuka, kwa kuwa paka alikuwa akisubiri sekunde 3 kila mara. Mtoto akafanya muda wa kusubiri uwe wa kubahatisha. Hilo hatukumfundisha, wallahi.

Wapo wanaotuambia kompyuta si mambo ya watoto wa kike, au inawatoa katika dini. Neno lenyewe la algorithimu, yaani hatua za kufuata ili upate jibu, limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Tunajivunia jina lake kwenye mihadhara, kisha tunamnyima binti nusu saa ya kompyuta baada ya chuo cha Qur'ani?

Na wewe bi harusi unayesoma haya huku hina ikikauka, usipite. Kujizuia kusimfanyie mtu kazi yake ni zoezi la kuanza mapema, na waume pia wamo.

Siku ya maonyesho binti yetu aliulizwa kwa nini mkono wa kushoto wa babake ulimshinda wa kulia. Akajibu, "Sijui. Labda mara 5 hazitoshi, nikirudia nitapima mara 20." Hakututazama hata mara moja. Hakupata zawadi ya kwanza. Ilikwenda kwa mradi uliochapishwa vizuri mno, na tuna shaka zetu juu ya nani aliyekesha nao. Manila yetu ilikuwa na mistari iliyopinda, na neno "kushoto" aliliandika "kusoto". Tuliliona tangu jana yake, tukaliacha.