Mgeni Njoo, Bourbon Ipone

"Tangu Wajapani wainunue, si ile tena." Kauli hiyo niliisikia kwenye kaunta ya baa mjini Louisville, Kentucky, kutoka kwa mzee aliyezaliwa na kukulia huko. Jioni hiyo hiyo nikaisikia tena, safari hii kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kutoka kwa kaka mmoja Mkongomani aliyehamia mji ule na kuipokea imani ya wenyeji pamoja na kinywaji chao. Imani yenyewe ni hii: bourbon, wiski ya mahindi, ni mali ya Mmarekani, na chapa yake ikishaangukia mikononi mwa kampuni ya Japani, Italia au Uingereza, wahasibu wa ng'ambo wataikamua mpaka libaki jina tupu.

Nasema imani hii ni ya uongo. Tena ina madhara, kwa sababu inawaficha walioiharibu bourbon kweli.

Chukua Four Roses, inayopikwa Lawrenceburg, Kentucky. Mwaka 1943 ilinunuliwa na Seagram, kampuni yenye makao Montreal, Kanada. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Seagram iliiondoa bourbon hiyo kwenye soko la Marekani na kuipeleka Ulaya na Japani. Mmarekani akaachiwa chupa yenye jina lile lile na mawaridi yale yale, lakini ndani mna wiski iliyozimuliwa kwa spiriti isiyo na ladha. Kwa zaidi ya miaka 40 mtu aliyeishi jirani na kiwanda, akisikia harufu ya mahindi yanayochemka kila asubuhi, hakuweza kwenda dukani akanunua kilichokuwa kikipikwa pale. Mnywaji wa Tokyo aliweza. Jim Rutledge, aliyeanza kazi Seagram mwaka 1966 na baadaye akawa mpishi mkuu wa kiwanda hicho, alihangaika miaka na miaka akiomba bourbon yao irudishwe nyumbani. Waliomkubalia ni Wajapani. Kampuni ya bia ya Kirin ilipoinunua Four Roses mwaka 2002, ile ya kuzimuliwa ilikomeshwa na bourbon halisi ikarudi kwenye rafu za Kentucky.

Najua nitakavyojibiwa: Wakanada nao si wageni? Ndiyo, ni wageni. Mgeni mmoja aliiharibu, mgeni mwingine akaiponya. Basi pasipoti ya mwenye mali imetuambia nini?

Na tazama kilichoponywa. Four Roses wana michanganyiko miwili ya nafaka: mmoja una mahindi asilimia 75, rai 20 na kimea cha shayiri 5, wa pili una mahindi 60, rai 35 na kimea 5. Kila mchanganyiko huumuliwa kwa hamira tano tofauti, kila hamira peke yake, hivyo kiwanda kimoja kinatoa bourbon 10 zisizofanana. Nyingine inanukia matunda, nyingine maua, nyingine ina ukali wa viungo unaobaki kooni. Mapipa yake hulazwa kwenye maghala ya chini, yasiyo na ghorofa, kwa sababu katika ghala refu pipa la juu huungua kwa joto wakati la chini limepoa. Mhasibu mwenye haraka ya faida angefuta hamira nne kwa siku moja, na wanywaji wengi wasingegundua mpaka miaka sita baadaye. Kirin hawakufuta hata moja.

Wanaoogopa wageni husahau pia kwamba kuna sheria. Mwaka 1964 Bunge la Marekani liliitangaza bourbon kuwa bidhaa ya pekee ya nchi hiyo. Lazima ipikwe Marekani, mahindi yasipungue asilimia 51, ilazwe katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani, isitiwe rangi wala ladha. Nimewahi kuchungulia pipa lililotoka motoni muda si mrefu. Ubao umepasukapasuka, mweusi, kama mgongo wa mamba, na harufu yake ni ya sukari inayoanza kuungua. Rangi yote unayoiona kwenye bilauri inatoka humo. Hakuna kampuni ya Osaka wala Milano inayoweza kuhamishia kazi hiyo kwao na bado ikaiita bourbon.

Hata hivyo sheria imeacha milango wazi. Mwenye mali anaweza kupunguza kileo hadi asilimia 40. Anaweza kupunguza miaka ya kulaza. Anaweza pia kujaza pipa kwa wiski kali zaidi, na huu ndio mlango usioonwa na wengi. Wiski ikiingia pipani ikiwa kali sana, mapipa yanayohitajika ni machache, halafu maji ya kuipooza yanaongezwa mengi siku ya kujaza chupa. Mnywaji anauziwa maji ya jana mahali pa maji yaliyolala na mbao kwa miaka. Ukomo wa kileo kuingia pipani ulikuwa asilimia 55. Mwaka 1962 ukapandishwa hadi 62.5. Walioupandisha ni watawala wa Marekani, wakati ambapo hakuna Mjapani aliyekuwa na kiwanda Kentucky.

Kikulacho ki nguoni mwako. Jack Daniel's, ambayo hujiita wiski ya Tennessee ingawa inapikwa karibu kwa njia ile ile, ilikuwa na kileo asilimia 45. Ikashushwa hadi 43 mwaka 1987, kisha 40 ilipofika 2004. Mwenyewe ni Brown-Forman, kampuni ya Louisville. Ni Brown-Forman hiyo hiyo iliyoanza mwaka 1983 kulaza sehemu ya Early Times katika mapipa yaliyokwisha kutumika, hata isiweze tena kuitwa bourbon kwao Marekani, huku bourbon ya jina hilo ikiendelea kupelekwa nje. Bourbon ya Elijah Craig ilipoteza alama yake ya umri wa miaka 12 mwaka 2016 chini ya Heaven Hill, mali ya familia ya hapo hapo Kentucky. Old Crow, iliyopewa jina la James Crow, Mskoti aliyewafundisha watu wa Kentucky kupika kwa vipimo, ilinunuliwa na Beam ya Marekani mwaka 1987, kiwanda chake kikafungwa, na jina likabandikwa kwenye wiski ya Jim Beam ya bei ya chini. Nani alikuwa mgeni hapo?

Sitaficha yaliyo upande wa pili. Kiwanda cha Stitzel-Weller, kilichopika bourbon yenye ngano ambayo wapenzi wanaililia hadi leo, kilizimwa mwaka 1992 kikiwa mali ya Waingereza. Ulikuwa msiba wa kweli. Wild Turkey 101 nayo, ikiwa chini ya Pernod Ricard ya Ufaransa, iliondolewa alama ya miaka 8 kwenye chupa za Marekani, ikabaki kwenye za Japani. Lakini Wafaransa hao hao, waliomiliki Wild Turkey tangu 1980, walimwacha Jimmy Russell, mpishi aliyeingia hapo mwaka 1954, aendelee kupika alivyofundishwa. Na Campari ya Italia, iliyoinunua Wild Turkey mwaka 2009, ilimfungulia kiwanda kipya mwaka 2011.

Kinachoniuma zaidi ni utovu wa shukrani. Wamarekani walipoikimbilia vodka katika miaka ya 1970, na bourbon ikawa kinywaji cha babu, waliobaki wakinunua chupa za umri mkubwa na kulipa bei yake walikuwa Wajapani. Bourbon ya Blanton's, iliyobuniwa na Elmer T. Lee mwaka 1984, ilipata wapenzi wake wa mwanzo huko. Jina lake ni la kampuni ya Takara Shuzo ya Japani tangu miaka ya 1990, na leo Wamarekani wanaipangia foleni alfajiri.

Februari 2013 kiwanda cha bourbon cha Maker's Mark kilitangaza kwamba kitapunguza kileo kutoka asilimia 45 hadi 42 ili wiski iliyopo iwatoshe wanunuzi. Mwenye mali alikuwa Beam, kampuni ya Illinois. Wanywaji walipiga kelele, na uamuzi ukafutwa ndani ya takriban wiki moja. Mwaka uliofuata Suntory ya Japani ikainunua Beam nzima kwa dola bilioni 16 hivi, na watu wakaanza matanga kabla ya kifo.

Ndugu msomaji, ukiishika chupa, soma kileo, soma umri, soma ilipikwa wapi. Kimoja kati ya hivyo kikishuka, lalamika kama walivyolalamika wale wa 2013, awe mwenye mali anakaa Louisville au Osaka. Na kama chupa yenyewe ni ya Maker's Mark, utaikuta imeandikwa 45, chini ya Wajapani.