Wakili wa Kupewa na Wakili wa Kukodi

Mtu wa kisiwa cha Pate anayeitwa kortini Lamu hana budi kuuliza habari za maji kabla ya kuuliza habari za sheria. Mashua ziondokazo gatini Mtangawanda hupita Mkanda, ule mlango mwembamba ulio baina ya kisiwa cha Manda na bara, nao una kina kidogo. Maji yakipwa, chombo hukwama matopeni kandokando ya mikoko hata maji yajae tena. Hakimu aliyeandika kwamba shauri litasikizwa saa tatu ya asubuhi hakuandika kwa kufuata mwezi. Kwa hiyo shahidi wa Pate au wa Siyu aghalabu huondoka siku ya kabla, akalala Lamu kwa jamaa zake, akalipa nauli ya kwenda na ya kurudi. Na shauri likiahirishwa, hulipa tena.

Habari hii ya maji ndiyo ionyeshayo vizuri tofauti iliyopo baina ya wakili anayekodiwa na mshitakiwa kwa fedha zake na wakili anayetolewa na Serikali. Watu wengi hudhani kwamba tofauti hiyo ni ya elimu: kwamba wakili wa fedha ni hodari, na wakili wa bure ni mwanafunzi aliyetumwa kujifunzia juu ya kichwa cha maskini. Sivyo. Wote wawili wamesoma sheria ile ile na kuapishwa kuwa mawakili wa Mahakama Kuu, na mara nyingi ni mtu yule yule mmoja, leo analipwa na jamaa za mshitakiwa, kesho ameteuliwa na mahakama. Kinachonunuliwa kwa fedha si ilimu yake, bali ni siku zake.

Mathalan kijana mmoja mvuvi ashitakiwe kwamba yeye na mwenziwe walifika Mtangawanda kwa mashua kutoka Lamu, saa nne ya usiku, wakampiga mwenye boti kwa rungu na kumnyang'anya injini yake. Shahidi asema alimtambua kwa mbalamwezi. Hati ya mashtaka hutaja tarehe ya kizungu tu. Lakini kila mtu wa Pate akumbuka kwamba usiku ule ulikuwa tarehe 29 ya mwezi wa Kiislamu, watu wakingojea mwandamo, na giza lilikuwa totoro. Tena ulikuwa wakati wa bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, na saa nne ya usiku ndiyo saa ya kupwa kwake. Mbalamwezi haikuwapo, wala mashua haingeweza kupita Mkanda.

Kijana ayajua hayo yote, lakini hajui wakati wa kuyasema. Shahidi amalizapo, hakimu humwuliza mshitakiwa kama ana maswali. Mshitakiwa huanza kusimulia kisa chake. Hakimu humkatiza, na ni haki yake kumkatiza, akimwambia kwamba sasa ni zamu ya kuuliza tu, kusimulia kutakuja baadaye. Kijana hufadhaika, akasema hana swali. Miezi hupita. Hata zamu yake ifikapo, akataja giza na maji, kiongozi wa mashtaka husimama akauliza kwa nini shahidi hakuulizwa habari hiyo siku ile alipokuwa kizimbani. Sheria haimtwiki mshitakiwa mzigo wa kuthibitisha kwamba hakuwapo. Mzigo ni wa upande wa mashtaka tangu mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo neno lililochelewa hupimwa kwa mizani nyepesi, na mara nyingi huitwa hadithi iliyobuniwa baada ya kusikia ushahidi.

Wakili mwenye nafasi angalikwenda mwenyewe Mtangawanda. Angaliketi na manahodha pale gatini, akapata kitabu cha maji kujaa na kupwa ambacho hutolewa na Halmashauri ya Bandari, kisha akamwuliza shahidi maswali matano, sita, akaketi.

Jambo kama hili lilitokea kweli nchini Marekani, katika jimbo la Illinois, mwezi wa Mei mwaka 1858. Kijana aitwaye Duff Armstrong alishitakiwa kwa kuua, na shahidi mkubwa, Charles Allen, aliapa kwamba alimwona kwa mwanga wa mwezi uliokuwa juu mbinguni. Wakili wake akafungua kitabu cha takwimu za mwezi na jua, akaonyesha kwamba saa ile mwezi ulikuwa chini, karibu na kutua. Kijana akaachiliwa. Wakili huyo alikuwa Abraham Lincoln, ambaye miaka miwili baadaye alichaguliwa kuwa Rais, naye hakutoza hata senti moja, kwa kuwa mamake kijana alikuwa amemtendea hisani zamani. Basi shauri lile halikushindwa kwa fedha, bali kwa mtu aliyepata wasaa wa kufungua kitabu.

Lakini hesabu ya siku za wakili ni ya yule aliye na wakili. Wengi wasimamao mbele ya mahakimu wa Kenya hawana wa kukodi wala wa kupewa, na hapa pana jambo ambalo wageni hulisikia kwa mshangao. Mtu aliyeshitakiwa kwa kuua hupelekwa Mahakama Kuu; watu wa Lamu wamekuwa wakipelekwa Malindi au Garsen. Huko, akiwa maskini, hupewa wakili kwa gharama ya Serikali, na desturi hiyo ni ya tangu enzi ya ukoloni. Aliyeshitakiwa kwa wizi wa kimabavu husikizwa na hakimu, pengine pale pale Lamu mjini, na kwa miaka mingi amekuwa akisimama peke yake. Na makosa yote mawili yameandikiwa adhabu moja, yaani kifo. Tena wizi wa kimabavu si wa majambazi wa bunduki pekee. Yatosha mwizi awe na silaha, au awe na mwenziwe, au amjeruhi aliyeibiwa. Vijana wawili walionyang'anya simu wakiwa pamoja waweza kuingia katika kifungu hicho. Ni kweli kwamba hapana aliyenyongwa Kenya tangu mwaka 1987, na kwamba mwaka 2009 na mwaka 2016 hukumu za maelfu ya wafungwa ziligeuzwa kuwa kifungo cha maisha. Lakini maisha kifungoni si adhabu ya kuingiwa kwa kukosa kujua zamu ya kuuliza maswali.

Katiba ya zamani ilisema wazi kwamba haki ya kuwa na wakili isifasiriwe kuwa ni haki ya kulipiwa wakili na umma. Katiba ya 2010 iliyageuza hayo. Kifungu cha 50 chasema kwamba mshitakiwa ana haki ya kumchagua wakili wake. Na kwamba Serikali itampa wakili kwa gharama yake endapo, bila ya hivyo, dhuluma kubwa ingetokea. Naye aarifiwe haki hizo bila kukawia. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufaa ilieleza kwamba wanaokabiliwa na hukumu ya kifo wastahili kupewa wakili. Mwaka 2016 ikapitishwa Sheria ya Msaada wa Kisheria, ikaunda Huduma ya Kitaifa ya kazi hiyo. Ndipo mwaka 2017, katika shauri lililotoka Malindi, liitwalo shauri la Karisa Chengo na wenzake wawili, Mahakama ya Juu ikasema kwamba haki hiyo si ya kila mtu kwa kila kosa. Hakimu atazame uzito wa kosa na ukali wa adhabu. Kama mshitakiwa aweza kujilipia, kama ni mtoto, kama ajua kusoma na kuandika, na kama mashtaka yenyewe ni ya kutatanisha.

Maneno hayo ni ya haki, na kijana wa Mtangawanda angepita karibu katika kila kipimo. Shida ni kwamba ile Sheria ya 2016 yasema pia kuwa kukosekana kwa wakili hakuzuii shauri kuendelea. Mlango umefunguliwa kwa mkono mmoja, na mkono wa pili umeuegemea.

Na mizani imezidi kulala upande mmoja. Zamani kiongozi wa mashtaka katika korti ya hakimu alikuwa polisi, ambaye kwa kawaida hakuwa mwanasheria. Yeye na mshitakiwa walikosea pamoja. Katiba ya 2010 ilipounda ofisi huru ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, polisi hao waliondolewa pole pole, na mahali pao pakashikwa na mawakili wenye mshahara wa Serikali. Hayo ni maendeleo, hapana mwenye akili atakayeyalaumu. Ila yamemwacha mvuvi akishindana na msomi, na msomi huyo analipwa kila mwezi, naye aujua mlango wa korti kama nahodha aujuavyo Mkanda.

Kenya haina bado kundi kubwa la watetezi walioajiriwa kwa mshahara kama walivyo viongozi wa mashtaka. Ile Huduma ya Kitaifa ina maofisa wachache, na sehemu kubwa ya mashauri hupewa mawakili binafsi kwa malipo madogo, yasiyoongezeka kwa sababu wakili amekwenda Pate kutafuta mashahidi. Safari ya Mtangawanda ni hasara yake mwenyewe. Ndiyo maana wakili wa kupewa, hata akiwa mtu mwema, huonana na mshitakiwa asubuhi ya shauri, wakiwa wamesimama ukutani. Jamaa nao huona hayo wakasema, wa bure ni wa bure.

Huko Philadelphia, Marekani, kwa miaka mingi mshitakiwa mmoja katika kila watano wa mashauri ya kuua alipewa watetezi wa shirika moja, ambao wameajiriwa kwa mshahara na wana wapelelezi wao. Wanne waliobaki walipewa mawakili binafsi walioteuliwa na korti. Waligawanywa kwa zamu tu, bila kuchagua. Mwaka 2012 wachunguzi wawili, James Anderson na Paul Heaton, walitangaza matokeo: wale wenye watetezi wa mshahara walipungukiwa na hatia ya kuua kwa asilimia 19, na uwezekano wao wa kufungwa maisha ulipungua kwa asilimia 62. Wote walikuwa mawakili wa bure kwa mshitakiwa. Basi ubovu wa wakili wa kupewa hautokani na kule kupewa. Hutokana na namna alipwavyo, na na watu alionao wa kumsaidia.

Kuhusu wakili wa kukodi, Waswahili wa visiwani hawahitaji kuambiwa gharama yake. Watu huuza mashua, au hisa ya shamba la minazi, au hupiga simu kwa ndugu aliye Uarabuni. Kisha mashua ikishauzwa, jamaa hawana tena chombo cha kuwapeleka kumwona mtu wao, ambaye akinyimwa dhamana huenda akawekwa gereza la Hindi, bara. Ile ngome ya Lamu iliyokuwa gereza iliacha kazi hiyo mwaka 1984. Wala fedha si hirizi. Mwaka 1952, katika shauri la Kapenguria, Jomo Kenyatta na wenzake watano walitetewa na D. N. Pritt, mmoja wa mawakili mashuhuri wa Uingereza, pamoja na wengine kutoka nchi mbalimbali, na bado walifungwa miaka saba. Dedan Kimathi, miaka minne baadaye huko Nyeri, alitetewa na wakili wa kupewa, akahukumiwa kifo. Mahali ambapo hukumu imekwisha kupikwa, mawakili wote ni sawa. Mashauri ya kila siku hayako hivyo. Hakimu wa kawaida ataka kuujua ukweli, ila hana ruhusa ya kupanda mashua akaupime mwenyewe.

Katika korti ya Kadhi, ambako husikizwa mambo ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu, watu wamezoea kujisemea wenyewe, na Kadhi huwauliza hata jambo likafunuka. Mazoea hayo ndiyo yawadanganyayo wengi waingiapo korti ya jinai. Hudhani kwamba hakimu naye atawauliza. Hakimu wa jinai husikiliza pande mbili kama mwamuzi wa mpira. Upande usiocheza hakuuchezei.

Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa, kabla ya kujibu mashtaka, mshitakiwa asiye na fedha yafaa amwambie hakimu kwa Kiswahili chake cha kawaida kwamba hana uwezo wa wakili, kwamba adhabu ya kosa lake ni kubwa, na kwamba aomba kupewa mtu wa kumtetea chini ya Kifungu cha 50. Aombe pia nakala za maneno ya mashahidi wa mashtaka, kwa kuwa ni haki yake kuujua ushahidi mapema. Hakimu akimkatalia, aombe kukataliwa huko kuandikwe, pamoja na sababu. Nao jamaa zake wakae na yule nahodha wa Mtangawanda, waandike jina lake na tarehe ile kwa hesabu zote mbili, ya kizungu na ya Kiislamu, maadamu bado akumbuka maji yalikuwa wapi.