Miaka Miwili Kando ya Bahari ya Durban



Akina mama wengi hujikuta wakifunga masanduku kwa sababu mume, au wao wenyewe, wamepata nafasi ya masomo au kazi nje ya nchi kwa mwaka mmoja, miwili au mitatu. Mara nyingi ukurasa huu huzungumzia nyumba ya kudumu. Mwezi huu tunazungumzia nyumba ya muda, na mfano ni wetu wenyewe. Baba watoto alipokwenda kusoma Durban, Afrika Kusini, tulimfuata sote, mama na watoto watatu, tukakaa huko tangu Januari 2018 hadi Desemba 2019.

Kwa mtu wa Tanga au Dar es Salaam, siku ya kwanza Durban haionekani ngeni. Bahari ni ile ile ya Hindi, jua huchomoza majini, na joto la Januari hulowesha shati. Ugeni huja polepole. Mwezi wa Desemba jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na watoto huamka nalo. Juni linatua mapema, saa kumi na moja jioni tu, na usiku baridi hushuka hadi nyuzi 11 au 12 katika nyumba ambazo nyingi hazina chombo cha kupasha joto. Anayekwenda huko asiache sweta za watoto kwa kudhani pwani ni pwani.

Chakula hakikutusumbua. Ugali wao uitwao phuthu humomonyoka kama chenga, na watoto waliukataa wiki ya kwanza wakauzoea ya pili. Isitambu ni ndugu wa makande. Viungo vya pilau na nazi vimejaa madukani, kwa kuwa Wahindi walianza kuletwa huko mwaka 1860 kufanya kazi katika mashamba ya miwa, na wajukuu wao wapo hadi leo.

Ugumu ulikuwa kwa mama. Kibali cha anayemfuata mwenzake masomoni hakimpi ruhusa ya kuajiriwa. Mwalimu aliyezoea kutoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi anabaki ghorofa ya tatu, akitazama meli zilizotia nanga nje zikingoja zamu ya kuingia bandarini. Baba yuko maktaba, watoto wako shule. Hapo ndipo neno "tunapita tu" huanza kusemwa nyumbani. Hatununui meza, tunapita tu. Hatumjui jirani, tunapita tu. Tumeona ndoa zikichakaa kwa neno hilo, maana mmoja anapita na mwenzake amekwama.

Baada ya miezi mitatu tuliketi, baba na mama, tukakubaliana kwamba kila Jumamosi asubuhi baba atabaki na watoto, kazi ya chuo iwe imekwisha au haijaisha, na mama atakwenda kujifunza Kizulu kwa bibi mmoja jirani, kwa kumsindikiza sokoni. Wenzetu walishangaa. Walisema Kiingereza kinatosha. Ni kweli kinatosha kwa benki, kwa shule na kwa karatasi za kibali, lakini kwa jirani hakitoshi.

Na hapa Mswahili ana bahati ambayo Mzungu hana. Maji kwao ni amanzi, nyama ni inyama, kuku ni inkukhu, mbuzi ni imbuzi, mtu ni umuntu, na kulala ni ukulala. Mchungaji huitwa umfundisi, na sisi tunaojua kufundisha hatukuhitaji kamusi. Kazi iko kwenye herufi c, q na x, ambazo hutamkwa kwa mlio wa ulimi unaobanduka kwenye meno au kaakaa. Wasandawe wa kwetu wangetucheka. Vichekesho vingine vilitoka kwa watoto. Bibi huitwa gogo, na mdogo wetu alituuliza kwa huruma kwa nini bibi wa watu anaitwa gogo la mti. Dada naye huitwa sisi, kwa hiyo mama alipoitwa "Sisi!" njiani alikuwa akitazama nyuma kuona ni akina nani wengine.

Salamu yao ni sawubona, na ndani yake mna kuona kule kule kwetu, ni kama kusema "tumekuona". Ukiulizwa hali, unaweza kujibu ngikhona, yaani "nipo". Mgeni anayesalimu hivyo kwenye ngazi haonekani tena kama mzigo uliopitishwa.

Jambo hilo si dogo katika mji ule. Aprili 2015 wageni walishambuliwa Durban, na maelfu wakakimbilia kwenye mahema. Tulipofika miaka mitatu baadaye, Wakongo na Warundi tuliosali nao kwa Kiswahili walikuwa bado wakihesabu nani alimficha nani. Hatusemi kwamba salamu huzuia rungu. Tunasema waliofichwa walituambia walifichwa na majirani waliowajua kwa majina. Sisi tulikuwa na tiketi ya kurudi, wao hawakuwa nayo, na ilitupasa kukumbuka hilo kila tulipotaka kulalamikia baridi.

Kiswahili nacho kilihitaji ulinzi. Kufikia Agosti watoto waligombana kwa Kiingereza. Tuliweka sheria kwamba mezani ni Kiswahili tupu, na anayetaka mboga aiombe hivyo. Kitinda mimba alikaa siku mbili akionyesha kwa kidole.

Kuhusu bahari, mama asidanganywe na uzoefu wa nyumbani. Mawimbi yale yana mikondo inayovuta hata mtu mzima. Ogeleeni kati ya bendera, mahali waokoaji wanapotazama. Nyavu za kupunguza hatari ya papa zimewekwa tangu 1952, ila hazizibi bahari yote, tena huondolewa wakati makundi ya sadini yanapopita, karibu na Juni na Julai. Tangu mafuriko ya Aprili 2022, yaliyoua zaidi ya watu 400 na kuharibu mitambo ya maji taka, baadhi ya fukwe zimekuwa zikifungwa mara kwa mara. Someni tangazo la manispaa kabla watoto hawajavua viatu.

Wakati wa kurudi, ombeni ripoti za shule na barua za uhamisho mapema Novemba. Shule hufungwa katikati ya Desemba au kabla, na ofisi ikishafungwa, hakuna wa kupiga muhuri hadi Januari, nanyi mtakuwa mmekwisha kufika nyumbani.