Si Uvivu, Ni Ujira

Mnamo 2021, wenye mikahawa kadhaa nchini Marekani walibandika matangazo milangoni wakiwaomba wateja wawe na subira kwa kuwa wahudumu walikuwa wamepungua. Baadhi ya matangazo hayo yalidai kwamba siku hizi hakuna mtu anayetaka kufanya kazi. Kauli hiyo ilivuka bahari, na hata hapa kwetu wapo walioipokea kama ithibati kuwa msaada wa serikali huzaa uvivu.

Kazi yangu ni kufundisha isimu, nami huwahimiza wanafunzi wangu wachunguze kile ambacho msemaji amekiacha nje ya sentensi. Sentensi hii ni pungufu. Haitaji kazi gani, kwa ujira gani, wala katika hali gani.

Hebu tuijalize. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali kuu ya Marekani ni dola 7.25 kwa saa, nacho hakijapandishwa tangu 2009. Mhudumu anayetegemea bahashishi anaweza kisheria kulipwa na mwajiri wake dola 2.13 tu, kiwango kilichoganda tangu 1991. Ni kweli kwamba majimbo mengi yameweka viwango vya juu zaidi, lakini si yote.

Korona ilipozuka mwaka 2020, mamilioni ya wahudumu hao waliachishwa kazi kwa muda wa wiki chache. Shule zilipofungwa, akina mama wengi walilazimika kubaki nyumbani na watoto. Wahamiaji, ambao ndio tegemeo la majiko mengi, wakapungua. Huko California wapishi walikuwa miongoni mwa wafanyakazi walioathiriwa zaidi na vifo mwaka huo. Aliyenusurika alikuwa na sababu ya kujiuliza iwapo sahani za watu zinastahili kuhatarisha maisha yake.

Wapo watakaosema kwamba kiini cha tatizo kilikuwa ile ruzuku ya dola 300 kwa wiki waliyoongezewa wasio na ajira. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, lakini ushahidi hauiungi mkono sana. Takriban nusu ya majimbo yaliikatiza ruzuku hiyo mapema, na mnamo Septemba 2021 ikakoma kote nchini. Hata hivyo, miezi miwili baadaye, Novemba, zaidi ya watu milioni 4 waliacha kazi kwa hiari yao katika mwezi huo mmoja. Wengi wa walioacha kazi wakati huo hawakwenda kulala. Walihamia kwa waajiri waliolipa vizuri zaidi. Mikahawa na hoteli zikalazimika kupandisha mishahara, na kufikia 2024 idadi ya wafanyakazi ilikuwa imekaribia ile ya kabla ya janga.

Nakiri kwamba hata mimi nimewahi kuitamka kauli ile. Msichana aliyekuwa akitusaidia kazi za nyumbani alituaga, tukakaa miezi miwili bila kumpata mwingine. Nikalalamika kuwa vijana wa leo hawataki kazi. Mke wangu akaniuliza ni lini mara ya mwisho tulipoupandisha mshahara tuliokuwa tukiutoa. Sikuwa na jibu, ilhali kima cha chini cha mshahara nchini kilikuwa kimepandishwa kwa asilimia 12 mnamo Mei 2022.

Tofauti yetu na Marekani ni kwamba hapa foleni ya wanaotafuta kazi ni ndefu. Anayekataa ujira duni leo, kesho nafasi yake huchukuliwa na mwenye njaa zaidi. Kwa hiyo sisi waajiri wadogo twaweza kulikwepa swali hilo miaka na miaka, tukaita uvivu kile ambacho kwa hakika ni hesabu ya nauli, kodi ya chumba na karo ya mdogo wake. Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tumezoea kumwambia hivyo anayetafuta kazi. Wakati umewadia tujiambie sisi tunaomtafuta mfanyakazi.