BARAZANI PETU: Sanamu ya Askari

Jumamosi moja tulitoka hapa Temeke pamoja na vijana wetu, tukaenda mjini kutazama kumbukumbu za vita vya 1914–1918. Nauli ilikuwa ndogo na foleni ilikuwa kubwa. Hayo hayana haja ya kuelezwa.

Kwanza tuliteremka Kariakoo. Vijana huenda huko kununua viatu, wala hawakujua kwamba jina hilo latokana na Carrier Corps, yaani jeshi la wapagazi. Waingereza waliutwaa mji huu Septemba 1916, na pale ndipo ilipokuwa kambi ya wapagazi wao. Maana vita vile havikupiganwa kwa bunduki tu. Barabara za magari zilikuwa haba, na farasi na ng'ombe walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Basi gunia la unga na sanduku la risasi vilichukuliwa kichwani, mwendo wa siku nyingi porini. Wapagazi waliouawa na kuhara, homa na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi.

Toka hapo tulikwenda kwa miguu hata penye Sanamu ya Askari. Mjini humo Wajerumani walikuwa wamesimamisha sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann; Waingereza wakaiondoa. Askari huyu wa shaba, kazi ya James Alexander Stevenson, aliwekwa 1927, na singe yake yaelekea bandarini. Maandishi yako kwa Kiswahili na Kiingereza. Yawasifu askari, yawataja na wapagazi kuwa ndio miguu na mikono ya jeshi, kisha yaahidi kwamba mtu afaye kwa ajili ya nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake.

Binti mmoja wa miaka 15 aliizunguka sanamu pande zote nne, akarudi akauliza, "Mwalimu, majina yako wapi?"

Jina hata moja halimo. Babu wa bibi yake alitwaliwa kuchukua mizigo, asirudi. Kwao hawajui kama alifia upande wa Waingereza au wa Wajerumani, maana wote wawili waliwatwaa watu kwa nguvu.

Twasema wazi kwamba ahadi ile haikutimizwa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Tuliingia pia katika Makumbusho ya Taifa, nyumba iliyofunguliwa 1940 kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano. Vijana walikaa zaidi penye magari ya viongozi wa zamani. Hatuwalaumu, ni magari mazuri.

Bibi wa yule binti yu hai, naye alijua jina la babu yake na kijiji alikotwaliwa, upande wa Rufiji. Sasa yote mawili yamo katika daftari ya mjukuu. Nanyi, akina baba na akina mama, kama kwenu yuko mzee mwenye habari za namna hiyo, mwulizeni mapema: aliitwa nani, mwana wa nani, alitwaliwa wapi, na nani aliyerudi na habari zake.