Udongo wa Mama Mjamzito

Ukipita sokoni Newala, au kule chini Masasi penye majabali, utavikuta vimepangwa kando ya dagaa na ndimu: vijiti vya udongo mkavu, vya rangi ya kijivu au ya ugoro, ambavyo pengi nchini huitwa pemba. Mnunuzi haulizwi anavipeleka wapi. Mara nyingi ni mama mjamzito, au ni mumewe aliyetumwa kwa siri.

Desturi hii haikuanza jana, wala haiko Umakondeni peke yake. Lakini ni wachache waliokwisha kujiuliza mna nini ndani ya kijiti hicho. Miongoni mwa waliojiuliza, wakakipima, ni mtaalamu wa afya ya jamii Elias Nyanza, wa chuo kikuu cha afya cha Kikatoliki kilichopo Bugando, Mwanza. Yeye na wenzake walikwenda Geita, kwenye machimbo madogo ya dhahabu, wakawahoji wajawazito 340. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014.

Wanawake 155 kati yao, karibu nusu, walikuwa wakila udongo. Zaidi ya nusu ya hao walianza katika miezi mitatu ya kwanza, wakati viungo vya mtoto vinapoumbika, na wengi walikula mara 2 au 3 kwa siku. Walaji wa pemba walikadiriwa kula wastani wa gramu 62.5 kila siku. Mtu aweza kuziona chache. Lakini hiyo ni robo ya robo kilo, na kwa mwezi mmoja inakaribia kilo 2. Kiasi hicho, jamani, ni chakula kamili.

Maabara ilikuta arseniki, kromi, shaba, manganizi, nikeli, chuma na zinki katika pemba ya dukani na vilevile katika udongo wa kichuguu waliokula wengine. Zebaki na kadimi zilionekana katika kichuguu tu. Walipokadiria kiasi anachomeza mama kwa siku, shaba na manganizi zilipita kiwango cha usalama katika udongo wa aina zote mbili. Arseniki ilikipita katika kichuguu.

Hapa msomaji wa Newala atasema: Geita ni nchi ya dhahabu, sisi ni watu wa korosho na mchanga. Ni kweli. Miamba yenye dhahabu mara nyingi hubeba arseniki, na wachimbaji wadogo huinasa dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma, na mvuke wake hutua ardhini. Kichuguu cha nyuma ya nyumba yako hakikupitiwa na moshi huo. Ila pemba ni bidhaa, na bidhaa husafiri. Kijiti hakina chapa ya kutaja shimo kilimotoka, na muuzaji naye amekinunua kwa mwingine.

Wako wanaokausha udongo motoni wakidhani wameusafisha. Moto waweza kuua mayai ya minyoo, arseniki hauiondoi. Nayo hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Nyanza na wenzake waliendelea kuwafuatilia wajawazito wa maeneo ya machimbo kaskazini mwa Tanzania, na mwaka 2020 wakaandika kwamba kuzidi kwa arseniki na zebaki mwilini mwa mama kuliandamana na hatari kubwa zaidi ya matatizo ya uzazi.

Sasa, ndugu mume, usikimbilie kumnyang'anya. Hamu hii mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu, na udongo wenyewe waweza kuyazuia madini ya chuma yaliyomo katika chakula yasiingie mwilini. Kumkaripia hakumwongezei damu. Humfundisha kula kwa kujificha, hata muuguzi asijue.

Kliniki mama hupimwa damu, akapewa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya minyoo. Swali la udongo si kila muuguzi hulikumbuka. Basi mama alitaje mwenyewe, bila haya: kama anakula wa dukani au wa kichuguu, vijiti vingapi kwa siku, na tangu mimba ikiwa ya mwezi wa ngapi.